Kusaka karata adimu ukiwa Mwanza, mpaka unapanda meli kwa ajili ya saba moja

Mwaka juzi nilipanda meli ya Nansio, kule Ukerewe, masaa matatu na ushee ziwani, nikalala gesti ambayo chandarua chake kilikuwa na matundu ya kupitisha kuku, kesho yake nikageuza, nauli kula na kulala ikanitoka kama elfu sabini, na kitu nilichokifuata kule ni karata moja. Sio pakiti, karata moja tu, saba ya uru, hiyo dayamondi. Tangu siku hiyo mtu akimuuliza mke wangu baba watoto yuko wapi anajibu kaenda kuchukua saba. Naandika hii kwa sababu vijana watatu wanne wa hapa mjini wameshaniuliza bro na mimi naanzaje, na kila nikianza kuwaelezea naongea mpaka chai inapoa, bora niandike mara moja niwe nawatumia.

Na siongelei kadi za wachezaji mpira wala zile za Pokémon, huko kuna wenyewe. Naongelea karata, hizi za kopa na shupaza, hamsini na mbili na jokeri zake.

Adimu sio lazima iwe zee

Kosa la kila mgeni, na mi nilipita humo humo, ni kudhani karata ikichakaa basi ni adimu. Wala. Zilizochakaa zipo kila kijiwe cha bodaboda. Adimu maana yake zilichapwa chache, au zilichapwa nyingi zikachezwa mpaka zikaisha, na hii ya pili ndo yenye utamu maana karata ni kitu cha kuchezea, watu hawatunzi, inamwagikiwa chai, mtoto anaitafuna, moja ikipotea pakiti nzima inaenda jalalani.

Mfano kuna kasino ya Las Vegas inaitwa Jerry's Nugget, mwaka 1970 walichapisha karata zao wenyewe, baadae zikawa zinauzwa bei ya kutupa kwenye duka lao la zawadi, watu wanazipita. Leo pakiti ya kwanza ile, ikiwa haijafunguliwa, ni mamia ya dola, kwa sababu watu wa mazingaombwe ya karata walizipenda na hazikurudiwa kuchapwa mpaka 2019. Kinyume chake ni zile za wanajeshi wa Marekani za 2003, zenye sura za watu wa Saddam waliokuwa wanasakwa, yeye mwenyewe ree (ile A) ya shupaza, wanae Qusay ree ya pau na Uday ree ya kopa. Kila mtu anadhani akizipata katoka kimaisha. Shida ni kwamba zilipotangazwa tu kila kiwanda kikatoa nakala zake za kuuza, dunia ikajaa. Nimekutana nazo mara mbili hapa Mwanza, mara ya pili jamaa anataka laki na nusu, nikamwambia hongera nikaendelea na safari yangu.

Ukitaka kujua ugonjwa huu unafika wapi, jumba la makumbusho la Metropolitan New York lilitoa dola 143,000 mwaka 1983 kwa ajili ya pakiti moja, karata 52 za miaka ya 1475 hivi, alama zake hazina kopa wala shupaza, ni vifaa vya kuwindia, kola za mbwa, kamba za kuwafungia, mitego na mapembe. Na kabla ya hapo kuna mtu wa Amsterdam alikuwa kazinunua dola 2,800. Huyo mtu wa Amsterdam ndo namuwaza nikiwa naokota vimikoba soko la mitumba la Mlango Mmoja saa moja asubuhi.

Jifunze majina kabla hujatoka nyumbani

Hili wengi wanalidharau. Vijana wa hapa wanasema maua na dayamondi, lakini ukienda kwa mzee aliyetoka Tanga au Bagamoyo akaja huku na reli, yeye anasema pau na uru, na ukimuuliza kwa lugha yako atakwambia hana, kumbe anayo kabatini. Kopa, uru, shupaza na pau yote yalikuja na Wareno: copas ni vikombe, ouros dhahabu, espadas panga, paus marungu. Na Wareno nao hawakubuni, kwenye jumba la Topkapi kule Istanbul kuna karata za Wamamluki wa Misri zilizochorwa kwa mkono na zina vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Yani mtu wa Mabatini akipiga meza akasema kopa hilo, anataja kikombe cha Mmisri bila kujua.

Za sura wazee wa pwani wanaziita wazungu. Mzungu wa nne ni mfalme, wa tatu ni jeki, wa pili ni bibi. Nilikuwa nashangaa jeki anamzidi vipi bibi mpaka mzee mmoja mstaafu wa reli akanikalisha chini akanifundisha mchezo wa wahedi wa sitini, yani sitini na moja: ree ina kumi na moja, saba ina kumi, mfalme nne, jeki tatu, bibi mbili, hiyo ni thelathini kwa kila alama, mara nne mia na ishirini, anayevuka sitini kala. Majina ya wazungu kumbe ni pointi zao. Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani.

Sasa usidhani napiga porojo, hii ina kazi. Kwenye mchezo huo nane, tisa na kumi zinawekwa pembeni. Kwahiyo ukikuta pakiti ya zamani nyumbani kwa mzee, karata zote zimelainika kama noti iliyofuliwa kwenye suruali, afu nane tisa na kumi zinang'aa kama zimetoka dukani jana, usije ukasema hii imeungwaungwa kutoka pakiti mbili ukaiacha, kama nilivyoiacha mimi moja pale Kirumba na naijutia mpaka kesho. Mara nyingine ni kinyume, hizo hizo ndo zimepotea, maana zilibaki kwenye boksi na boksi likatupwa. Na saba ikipotea pakiti haitupwi, inatengenezwa saba nyingine kwa mkono, maana bila saba hakuna mchezo. Hili la saba shika, nitalirudia.

Kusoma umri wake

Ukishika pakiti, kitu cha kwanza kitoe ree ya shupaza, hicho ndo kitambulisho. Umeshajiuliza kwa nini ree ya shupaza peke yake ndo ina mapambo kibao na jina la kiwanda? Ni kodi. Uingereza karata zilikuwa zinatozwa ushuru, na kuanzia 1765 ree ya shupaza ilichapwa na serikali yenyewe, mwenye kiwanda analipia ndo anapewa. Ukighushi unanyongwa, na sio utani, mwaka 1805 mtu anaitwa Richard Harding alinyongwa kwa kughushi ree za shupaza. Mwaka 1828 wakaja na ree iliyosukwa mapambo mpaka watu wakaitania Old Frizzle, ikaenda hadi 1862, hapo ndo viwanda vikaruhusiwa kuchapa za kwao, ila mazoea ya kuipamba hayakuondoka. Ushuru wenyewe ulifutwa 1960. Kwahiyo ukiona ree ina maneno ya ushuru, simama hapo hapo, vuta kiti.

Za Marekani zilikuwa na stempu ya kodi imebandikwa kwenye boksi, kuanzia 1894 mpaka 1965. Stempu hiyo hata kama imebaki kipande cha ukucha usiibandue, usiisafishe, usiiguse.

Zile karata za chapa ya Bicycle zilizojaa kila mahali ni rahisi kuzichambua. Soma boksi: ikiandikwa Cincinnati, Ohio maana yake ni ya kabla kiwanda hakijahamia Erlanger, Kentucky mwaka 2009, na wakusanyaji wanazipenda zaidi hizo za Ohio. Kwenye ree yake chini kuna herufi na namba, herufi ndo ya mwaka, ila zinazunguka na kurudi baada ya miaka kama ishirini kwahiyo isikudanganye peke yake, ioanishe na boksi.

Kona nazo zinaongea. Karata isiyo na namba kwenye kona kwa kawaida ni ya kabla ya miaka ya 1870, au ni nakala. Mfalme akiwa mtu mzima mpaka miguu, sio vichwa viwili juu na chini, unarudi nyuma zaidi, au ni nakala. Jokeri ikiwepo haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1860 maana jokeri ni ya Wamarekani, waliibuni kwa ajili ya mchezo wao wa euchre. Mi hapa Mwanza karata isiyo na namba nimeiona mara moja tu na ilikuwa... nakala, mtoto alimletea baba yake kutoka duka la makumbusho huko alikosoma. Nilipomwambia mzee alinuna, kwahiyo kingine cha kujifunza ni kwamba sio kila unachokijua lazima ukiseme.

Tembea na rula ndogo. Milimita 57 kwa 88 ni za bridge, 63 kwa 88 ni za poka, ikiwa katikati shtuka. Na imulike kwa nyuma na tochi ya simu, karatasi nzuri ina gundi nyeusi katikati mwanga haupiti, za bei chee zinaonyesha mpaka vidole vyako.

Pa kusaka

Mlango Mmoja, lakini sio kwenye nguo. Nenda kwa wanaouza mikoba na kwa wanaouza midoli, na uende siku wanayofungua belo, mapema kabla machinga wenzao hawajachambua. Karata zinakaa kwenye mifuko ya ndani ya mikoba ya kina mama wa Ulaya sijui kwa nini, nadhani walikuwa wanaenda nazo likizo. Mbinu yangu, na hii imenichukua miaka kuijua, ni kuwa na bei moja kwa kila kitu: muuzaji akipata pakiti yoyote, nzima au mbovu, ya maana au takataka, mi nachukua buku tatu bila maneno. Nimeshanunua Uno kama nane ambazo sina shughuli nazo. Lakini ukianza kuchagua, hii nataka ile sitaki, jamaa anaacha kukupigia simu, na ile atakayoacha kukupigia ndo ilikuwa yenyewe. Kwa mtindo huu nimepata hanafuda ya Kijapani, karata 48 ndogo nene zenye maua ya miezi kumi na miwili, mwenye nayo alijua ni gemu la watoto lililopungua. Kampuni ya Nintendo ilianzia hapo bwana, 1889 Kyoto, kutengeneza karata hizo, na 1953 wakawa wa kwanza Japani kutoa za plastiki. Nilitoa buku tatu nikaondoka taratibu kama mtu asiye na haraka, nilipokata kona nikakimbia.

Makoroboi ni kwa ajili ya makopo. Wale mafundi wa bati na wanaonunua chuma chakavu wanapitiwa na makopo ya biskuti ya zamani, na bibi zetu ndani ya kopo la biskuti waliweka kila kitu isipokuwa biskuti. Waombe wakutikisie kabla hawajakata.

Halafu masanduku. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo, familia nyingi za Kihindi ziliuza vitu haraka haraka zikaondoka, na vitu vile viko kwenye nyumba za watu mpaka leo, kabati, masanduku ya chuma, meza zenye droo za siri. Ukisikia mtu ana kabati la Mhindi muombe uvute droo zote mpaka mwisho afu uingize mkono nyuma. Na familia zilizobaki usiziogope, nenda kwa heshima, uliza kama wazee walikuwa na ganjifa. Hizo ni karata za mviringo za India zilizochorwa kwa mkono, za Kimughali zinakuwa 96, zile za avatari kumi za Vishnu ni 120. Sijawahi kuipata. Nimeuliza nyumba kumi na moja, nimenyweshwa chai ya maziwa nyumba kumi na moja.

Na mwisho, watu wa reli na meli. Reli ilifika hapa 1928, meli ya Victoria ilianza kazi 1961, na kila kilichosahauliwa na abiria kilibaki kwa wahudumu. Zamani ukipanda ndege unapewa pakiti ya karata uchezee njiani, na ziwa letu lilikuwa njia ya wakubwa, ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zinatua Kisumu miaka ya 1930. Ile kampuni iliunganishwa ikawa BOAC, 1940, nayo ikamezwa 1974 ikawa British Airways, kwahiyo karata ikiwa na jina BOAC na ile chata yao ya ndege iliyochorwa kama mshale unajua bila kuuliza mtu iko kati ya miaka gani.

Namna ya kuomba

Usiende na bei mdomoni. Hii narudia, usiende na bei mdomoni. Ukianza na nanunua karata za zamani bei nzuri, mbili zitatokea, aidha utafukuzwa kama mtu wa kamari au utaambiwa milioni mbili kwa pakiti ya juzi. Amkia, kaa chini, kama ni Msukuma anza na mwangaluka hata kama yeye atacheka matamshi yako, uliza habari za mifugo, za mvua, za mjukuu. Kisha toa karata zako mwenyewe uziweke mezani. Mzee anayejua karata mkono wake utazifuata wenyewe. Mcheze. Ufungwe. Wakati anachanga karata ndo uulize, hivi mzee enzi zenu mlikuwa mnachezea zipi?

Na daima beba pakiti mpya za plastiki, zile zisizoogopa maji, mbili tatu kwenye begi. Mzee hana shida na hela yako, ana shida kwamba karata zake zimekwisha na wenzie wanamcheka. Ukimpa mpya zinazoteleza vizuri yeye anaona umempa kitu na ile ya zamani anaona amekuondolea uchafu. Zaidi ya nusu ya vitu vyangu vizuri nimepata kwa kubadilishana hivyo, na kilo mbili za sukari juu, hiyo ni adabu tu.

Tahadhari moja. Kabla daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa 2025 tulikuwa tunavuka na kivuko, siku hiyo natoka Sengerema begi langu likaanguka zipu ikafunguka, pakiti kumi na nne zikamwagika mbele za watu. Mama mmoja akapiga kelele huyo ndo wa karata tatu! Nilielezea mimi, naelezea, nani anakusikiliza, mpaka tunafika ng'ambo watu wamenipisha kama nina ukoma na kila mmoja kashika mfuko wake. Tangu hapo natembea na daftari langu lenye picha na maelezo ya kila pakiti, limenisaidia mara mbili kwenye ukaguzi.

Ukinunua nje

Sitakaa sana hapa. Lipia kwa kadi ya Visa ya kwenye simu, tumia sanduku la posta lenye jina lako kamili, na kumbuka kodi, VAT peke yake ni 18% kabla hujaweka ushuru wa forodha, risiti ya manunuzi usiitupe maana wakikosa risiti watakadiria wao. Kama una ndugu anarudi kutoka huko, hiyo ndo njia, pakiti moja ni kama gramu mia, hakuna mtu atakataa kubeba.

Muuzaji akuwekee karata zote amezitandaza na kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Mi sikuomba. Nikatumiwa picha nzuri, nikatuma hela, kikaja kiboksi cha kweli kabisa cha miaka ya 1950 na ndani yake karata za juzi. Nimekitunza, boksi zuri lile, ila nikiliangalia tumbo linaniuma.

Kutunza kando ya ziwa

Adui yako wa kwanza ni unyevu, karata inanyonya maji inajikunja kama chapati. Vile vipakiti vidogo vya kwenye boksi za viatu, vilivyoandikwa usile, viombe kwa wauza viatu wanavitupa bure, weka viwili kwenye kila kopo linaloziba vizuri. Karatasi ya nailoni laini ya bei rahisi epuka, inagandia. Raba bendi kamwe, inayeyuka na joto inaacha mstari wa kahawia usiotoka maisha. Usiweke dirishani, nyekundu ya kopa inakufa kwanza.

Adui wa pili ni dagaa. Nacheka lakini ni kweli, mi nilikuwa naishi karibu na soko la dagaa la Mwaloni na pakiti zangu za mwanzo zote mpaka leo ukizifungua unasikia njaa. Harufu ya dagaa ikiingia kwenye karatasi haitoki, nimejaribu mkaa, nimejaribu majani ya chai, nimejaribu magazeti, nimesalimu amri.

Adui wa tatu ni ndugu mwenye nia njema. Nilimwachia mpwa wangu jokeri moja ya miaka ya 1920 akanitolee fotokopi, akaona aniongezee huduma, akarudi nayo imelaminetiwa. Imeng'aa. Ananiangalia anasubiri asante. Nikasema asante.

Kila pakiti ihesabu siku unayoipata, zipange kwa alama kuanzia ree, andika kwenye daftari zipi hazipo, nani alikupa, alisema aliipata wapi. Hiyo habari ya nani na wapi andika siku hiyo hiyo, maana wazee wanaondoka nayo.

Na sasa ile saba

Bibi mmoja wa Pasiansi, mume wake marehemu alikuwa mhudumu kwenye meli, alinipa pakiti ya BOAC iliyoachwa na abiria miaka ya sitini. Karata hamsini na moja za kweli, na moja imekatwa kutoka boksi la sigara, saba ya uru, alama zimechorwa kwa biki nyekundu, nzuri kweli mpaka unaona mkono wake ulikuwa umetulia. Nikamuuliza bibi ile yenyewe iko wapi. Akacheka sana. Akasema walikuwa wanacheza na mwenzake wa kazini, mtu wa Ukerewe, siku moja wakagombania pointi, mwenzake akanyanyuka na saba mkononi akasema basi na nyie msicheze, akashuka nayo Bukoba. Hawakuongea miaka minne. Walikuja kupatana lakini saba haikurudi.

Ndo nikapanda meli. Nansio kuulizia mzee mstaafu wa meli sio kazi, saa mbili nzima za kusalimiana nikafika kwake. Yupo, mzima, macho tu ndo hayaoni vizuri. Nilipotaja jina la marehemu akanyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na Biblia, na saba ya uru iko kwenye Zaburi, safi kama siku ilipotoka, ile chata ya ndege nyuma bado ina rangi yake. Nikaishika. Nikatoa karata mpya, nikatoa sukari, nikafika mpaka elfu hamsini, nikavunja sheria yangu mwenyewe ya bei. Akasema hela hapana. Akasema yeye alisema pale pale melini kwamba atakayeitaka hii saba amfunge kwanza.

Tukacheza. Alinifunga tisini kwa thelathini, haoni vizuri lakini anahesabu kila karata iliyotoka. Nikaomba marudio akanifunga tena, kisha akairudisha saba kwenye Zaburi yake akaniuliza kama nimekula.

Nimerudi mara moja tangu hapo, mwezi wa tatu, nikafikisha hamsini na nane. Mstaafu wa reli ananifundisha kila Jumamosi jioni, anasema kosa langu natoa saba mapema. Bibi wa Pasiansi nae kasema safari ijayo tunaenda wote, hajapanda meli siku nyingi, na kumbe yeye ndo aliyekuwa anawafunga wote wawili.